Ukuta Hauendi Msibani

Katika makanisa mengi ya mijini, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, wazee wa kanisa hawabishani tena kama maneno ya nyimbo yaonyeshwe ukutani. Hilo liliamuliwa zamani, au tuseme halikuamuliwa na mtu, lilitokea tu. Kinachojadiliwa sasa ni ukubwa: projekta imechoka, picha imefifia, waumini wa viti vya nyuma hawasomi, inatakiwa skrini ya LED, na bahasha za mchango zimeshagawiwa. Mjadala huu umenirudisha kwenye miaka niliyokaa nyuma kabisa ya kanisa, kwenye meza ya mitambo, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusogeza slaidi. Miaka ile haina visa vya kusimulia, maana kazi yenyewe ikifanywa vizuri hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu anayeifanya. Lakini ni kazi inayomweka mtu mahali ambapo mchungaji na kwaya hawapo. Wao wanawaona waumini usoni. Mtu wa slaidi anawaona kisogoni, anasikia sauti zinavyopanda na kushuka kila maneno yanapobadilika ukutani, na polepole anajua wasichokijua wao: nyimbo zipi watu wanazijua, na zipi wanazisoma tu. Nilichoondoka nacho pale ni hoja moja. Slaidi haikuua uimbaji, kama wanavyonung'unika baadhi ya wakubwa wetu. Ilichofanya ni kuuhamisha wimbo kutoka nyumbani kwa muumini, ukaenda kukaa ndani ya kompyuta ya kanisa. Uhamisho huo haukupita kwenye kikao chochote.

Kuwapa watu maneno ya kuimba ni tatizo la kale kuliko umeme. Mwaka 1524, mjini Nuremberg, Ujerumani, kilichapwa kijitabu cha nyimbo nane tu, nne zikiwa za Martin Luther, na vitabu vya nyimbo vya Kilutheri vikaanzia hapo. Miaka mia na ushei baadaye, mwaka 1645, Bunge la Uingereza lilipitisha mwongozo wa ibada ulioshauri kwamba, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mtu mmoja awasomee watu zaburi mstari kwa mstari nao waimbe nyuma yake. Yeyote aliyeabudu kijijini Afrika Mashariki anaufahamu mtindo huo bila kuambiwa habari za Waingereza: kiongozi anautaja mstari upesi upesi, kwa pumzi moja, na kanisa linauchukua. Kisha vitabu vikaenea: Tenzi za Rohoni, Mwimbieni Bwana kwa Walutheri, Nyimbo za Kristo kwa Waadventista. Kitabu cha namna hiyo kilikuwa kitu cha mtu. Kilivikwa jalada la gazeti au la plastiki, kikafungwa ndani ya kitambaa pamoja na sadaka, kikaandikwa jina la mwenyewe na mara nyingi tarehe za kuzaliwa kwa watoto. Jumatatu kilikuwa juu ya kabati, karibu na taa. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, maelfu ya Watanzania walihimizwa kujifunza herufi ukubwani. Kwa mtu wa namna hiyo kitabu cha nyimbo kilikuwa zoezi la kusoma lisilo na mfano, kwa sababu maneno alikwishayajua, kilichobaki ni kuyatambua yakiwa yameandikwa. Halafu kulikuwa na namba. Kibao cha mbao kilining'inia ukutani kikitaja namba za nyimbo za siku, na muumini aliujua wimbo kwa namba yake kama anavyoijua nyumba ya jirani. Namba ilimwezesha kuufikia wimbo bila kumpitia mtu yeyote.

Kabla ya kompyuta ilikuja projekta ya karatasi za plastiki, ile yenye taa chini na kioo juu. Maneno yaliandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na aliyeweka karatasi hakukosa kuipindua kichwa chini miguu juu walau mara moja kwa ibada. PowerPoint ilizaliwa humohumo. Kampuni ndogo ya Marekani, Forethought, iliitoa programu hiyo mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandaa kurasa za kuhamishiwa kwenye plastiki hizo kwa ajili ya mikutano ya kibiashara. Mwaka huohuo Microsoft wakainunua kwa dola milioni 14. Asili hiyo bado imo ndani ya chombo. Kilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja anayesimama na kusema, nyuma yake yakiwapo maneno machache ya kumshikiza. Wasikilizaji hawakutarajiwa kuyatamka, sembuse kwenda nayo nyumbani. Kipimo chake ni slaidi. Kipimo cha wimbo ni ubeti. Ukitaka kuviweka pamoja, kimoja lazima kikubali kukatwa, na slaidi haikatiki.

Kwa Kiswahili ugumu huo unazidi. Neno moja kama "aliyenikomboa" au "watakapomshangilia" linakula nusu ya upana wa ukuta. Herufi zikikuzwa ili bibi wa kiti cha nyuma asome, mshororo unavunjika katikati, na jicho linapumzika mahali ambapo tuni haipumziki. Mchapaji akiona hivyo anapunguza: mishororo miwili kwa slaidi, ubeti wa mishororo minane ukawa slaidi nne. Mwenye kitabu huuona wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Anajua kwamba ubeti wa kwanza unaanza na dhambi, wa tatu uko msalabani, wa nne unataja mauti, wa mwisho umefika mbinguni. Tenzi nyingi za zamani zimepangwa kama safari, na anayeimba anajua yuko kituo gani. Anayesoma ukutani hupewa kipande, kinafutwa, anapewa kingine. Anaweza kuuimba wimbo huo miaka kumi asijue una beti ngapi.

Na beti zenyewe hazikai salama. Mchapaji wa kanisa kwa kawaida ni kijana anayejitolea, anaifanya kazi hiyo Jumamosi usiku, na ibada ya kwanza ni saa moja asubuhi. Kamusi ya programu ikiwa ya Kiingereza, kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu wa mawimbi, ukurasa mzima unaonekana ni kosa, na hapo kosa la kweli linapotea machoni. "Utukufu" unageuka "utukutu" kwa kidole kuteleza kidogo tu, maana F na T zimepakana, na mstari mwekundu uko chini ya yote mawili sawasawa. Jumapili watu wazima wanaona utukutu na kuimba utukufu, wengine wakitabasamu. Kumbukumbu yao imelisahihisha neno kabla halijafika kinywani. Kosa hilohilo mbele ya watoto waliojifunzia wimbo ukutani halina wa kulisahihisha. Lakini lililo zito zaidi halionekani hata kwa kucheka. Wimbo una beti sita, saa ni tano za usiku, mchapaji anachapa wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Faili linahifadhiwa, linanakiliwa kwenye flashi, linakwenda kanisa jirani pamoja na virusi vyake, huko linanakiliwa tena. Baada ya miaka kadhaa wimbo una beti tatu. Wasomaji wa ushairi wa kale wa pwani wanajua kwamba nakala za Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hazilingani, kwa kuwa wanukuzi ni watu. Nakala zile zilikaa mikononi mwa watu mbalimbali, na ndiyo sababu wataalamu waliweza kuzipambanisha. Faili moja lililozaa mafaili mengine yote litapambanishwa na nini, ikiwa vitabu vimekwisha makabatini?

Kuendesha slaidi ndiko kulikonifundisha zaidi kuliko kuchapa. Maneno yanayofuata hayana budi kutokea kabla mstari uliopo haujaisha, kwa kuwa mwimbaji husoma mbele ya sauti yake. Ukichelewa kidogo tu, sauti ya kanisa inazama. Ukiwahi mno, wa nyuma wanaimba kitu kingine na wa mbele kingine. Ukiongeza na kiongozi wa sifa anayerudia kiitikio mara ya tatu bila kutoa ishara, mtu wa mitambo anarudisha slaidi, anapitiliza, anarudi tena, na ukuta unapepesa kama jicho lenye mchanga. Jambo la kutazama hapo ni waumini. Wimbo unaweza kuwa ule waliokuwa wakiuimba mgongoni mwa mama zao, kiitikio ambacho kila mmoja anakijua, lakini ukuta ukionyesha maneno mengine wananyamaza, wanangoja. Umeme ukikatika ndipo tofauti inapojitokeza wazi. Sauti hushuka, kisha kwenye wimbo wa siku nyingi hupanda tena, mara nyingi ikianzia pembe waliyokaa akina mama wa makamo. Kwenye wimbo uliofahamika ukutani tu, hubaki gitaa, kama nalo halitegemei umeme uleule. Walioujua wimbo kabla ya slaidi wananyamazishwa na slaidi kwa muda. Waliojifunza kwenye slaidi hawana pa kurudi.

(Niseme na hili la mapambo, ingawa ni dogo. Maporomoko ya maji nyuma ya maneno, jua linalochomoza, herufi za njano juu ya mawingu meupe, vyote hivyo ni hila dhidi ya wenye macho hafifu. Kanisa letu la kawaida lina madirisha makubwa, mchana ni mweupe, na mapazia hayatoshi. Herufi nyeupe juu ya weusi mtupu husomeka kuliko picha yoyote, na hazigharimu kitu.)

Mahali pa kupimia haya yote si kanisani, ni msibani. Hakuna anayebeba projekta kwenda kwenye mkesha wa matanga, wala kwenye wodi, wala kaburini ambako watu wamesimama juani wakingoja udongo. Ndiko wimbo unakohitajika kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ndiko hotuba zinakoshindwa. Sikiliza uimbaji wa huko siku hizi katika familia za mjini. Ubeti wa kwanza unatoka kwa nguvu, kiitikio kwa nguvu zaidi, ubeti wa pili unaanza na kugeuka mguno, halafu mtu mmoja anaokoa hali kwa kurudi kwenye kiitikio, ambacho huimbwa mara nne, mara tano, mpaka jeneza limeshuka. Beti zinazozungumzia mauti, ambazo mara nyingi ni za tatu na nne, hazifikiwi. Mtunzi aliziandika kwa ajili ya saa hiyohiyo. Ziko salama kwenye kompyuta ya kanisa, ikiwa mchapaji wa Jumamosi alizichapa.

Najua majibu. La kwanza na lenye nguvu ni la umaskini: kitabu kinanunuliwa, ukuta ni bure. Mgeni anayeingia kanisani mara ya kwanza hana Tenzi za Rohoni mfukoni. Familia ya watu saba ilikuwa na kitabu kimoja, na baba aliyekishika ndiye aliyeimba. Hilo ni kweli, na kwa mgeni huyo slaidi ni ukarimu, sitaki anyang'anywe. Lakini tuwe wakweli kuhusu hesabu. Kanisa linaloweza kununua skrini ya LED halikushindwa kununua vitabu vya kukaa kwenye viti. Lilichagua. Umaskini wa muumini ulitumiwa kuhalalisha projekta ya kwanza, lakini kwenye skrini ya tatu hoja hiyo imepungua uzito. Jibu la pili ni la mwili: ukuta huinua kichwa, na kichwa kilichoinuliwa hutoa sauti, kuliko cha mtu aliyeinamia kurasa. Nakubali kabisa, mwalimu yeyote wa kwaya atakuambia vivyo hivyo. Na mwenye macho yaliyochoka husoma ukutani asichoweza kusoma kwenye chapa ndogo, na ibada inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za nyumbani huendeshwa kwa wepesi slaidi zikiwapo. Yote hayo ni faida za saa ile ya ibada. Sijayakana, na hayajibu swali la Jumatatu.

Jibu la tatu husema simu imemaliza ubishi: vitabu vyote vimo kwenye programu za simu, namba zake na beti zake zote, kwa hiyo kitabu kimerudi nyumbani kwa mlango mwingine. Ningefurahi kama ingekuwa hivyo kwa wote. Simu kweli inaweza kuwa kitabu, na msibani zinaonekana zikimulika nyuso za waimbaji. Lakini anayeufungua wimbo kwenye simu ni yule anayejua kwamba upo, anayeikumbuka namba yake au mstari wake wa kwanza, na vitu hivyo viwili ndivyo slaidi ilivyoviondoa. Wimbo huonekana ukutani bila namba, bila jina la kitabu, bila jina la mtunzi, kama mvua. Mtu hatafuti asichojua jina lake. Jibu la nne ndilo linalonisumbua, nami nalipenda: Mwafrika hakuimba kwa kitabu. Pambio huimbwa kwa kichwa, kiongozi anaanzisha, watu wanaitikia, miili inacheza, na hakuna anayesoma. Basi kitabu nacho kilikuwa mgeni, tusikililie. Sawa. Lakini tazama pambio inavyoonyeshwa ukutani leo, mistari miwili yenye maneno ambayo hata mtoto wa miaka minne anayajua, huku kanisa zima likikodolea macho. Ikiwa tunatetea kumbukumbu, hapo ndipo pa kuzima projekta kwanza. Utenzi mrefu na pambio fupi vilikuwa na njia mbili tofauti za kuishi, kimoja kwenye karatasi na kingine mdomoni, na slaidi imevitendea sawa, kwa hasara ya vyote viwili.

Kuna na suala la haki za watunzi, ambalo makanisa yetu hulipita kimyakimya. Katika miaka ya 1970 mchapishaji mmoja wa nyimbo alilishtaki Jimbo Kuu Katoliki la Chicago kwa sababu parokia zilikuwa zikinakili nyimbo zake bila ruhusa, na kesi ikaburuzwa hadi miaka ya 1980. Mwaka 1988, katika jimbo la Oregon, ikaanzishwa CCLI, taasisi inayouzia makanisa leseni za kunakili maneno ya nyimbo. Sheria ya Marekani huruhusu wimbo kuimbwa ibadani bila kibali, lakini kunakili maneno yake ni jambo jingine. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001. Tenzi nyingi za kale hazina tatizo hilo, watunzi wake walikufa zamani, ingawa tafsiri ya karibuni inaweza kuwa na mwenyewe. Nyimbo mpya za injili zina watunzi walio hai, baadhi yao waumini wa makanisa hayohayo, na kazi zao zinachapwa kwenye slaidi bila hata kutajwa jina. Kuandika jina la mtunzi kwenye pembe ya slaidi hakumlipi, wala hakutoshi mbele ya sheria, walau kunamtambua.

Sasa kwenu wazee mnaohesabu bahasha. Sikatai skrini. Naomba tu kwamba kabla ya kumlipa fundi, watu wawili wanaozijua nyimbo wakae na faili la kanisa upande mmoja na kitabu upande mwingine, wahesabu beti, warudishe zilizopotea, wasahihishe maneno, na kila slaidi ya kwanza ibebe namba ya wimbo na jina la kitabu. Ni kazi ya Jumamosi nne au tano. Sehemu ya mchango inunue vitabu vya kukaa kwenye viti, na walimu wa shule ya Jumapili wapewe kazi ya wimbo mmoja kwa mwezi, beti zote, bila ukuta. Mara moja kwa mwezi mitambo izimwe kwa makusudi kwa wimbo mmoja, kiongozi ataje mstari kama zamani, ili mjue mnachokijua. Na kijana anayekaa kwenye meza ya nyuma, ambaye kanisa zima linasoma kutoka kidoleni mwake, mpeni kitabu kiwe chake. Wengi wao hawana.